Kufundisha kuhusu dini darasani Kigoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa walimu wa msingi na sekondari wa Kigoma Ujiji na wilaya za jirani, kwa wazazi, kwa wajumbe wa kamati za shule, na kwa mashekhe, mapadri na wachungaji, ambao mara nyingi ndio wa kwanza kupigiwa simu mtoto akirudi nyumbani na daftari lenye neno asilolizoea. Maswali yamewekwa kwa maneno yaleyale ya waulizaji, pamoja na ukali wake.

Kipindi cha dini si kipo tayari? Hiki kingine cha nini?

Kipo, na hakuna anayetaka kukigusa. Kila aliyesoma shule ya serikali anakijua: kengele inagongwa, Waislamu wanakwenda kwa ustadhi, Wakatoliki kwa katekista, Waprotestanti kwa mwinjilisti, na wengine wanatafuta kivuli chao chini ya mwembe. Huko mtoto analelewa katika imani ya wazazi wake. Anayemfundisha anasema "sisi tunaamini", na ana haki ya kusema hivyo. Hiyo ni kazi ya msikiti na kanisa inayofanyika ndani ya uzio wa shule.

Kinachozungumziwa hapa ni darasa zima, watoto wa dini zote wamekaa pamoja, wakijifunza Waislamu wanaamini nini na wanafanya nini, Wakristo vivyo hivyo, na wale wanaofuata mila za wazee wao pia. Halafu wanaangalia mambo hayo yameingiaje katika historia, sheria, ndoa, chakula na kalenda ya nchi. Mwalimu hafundishi kusali. Anaeleza kwa nini jirani anasali saa ile na kwa namna ile.

Sekondari kuna masomo yenye mtihani wa taifa, Elimu ya Dini ya Kiislamu na Maarifa ya Biblia. Ni masomo mazuri, lakini kila moja linabaki ndani ya dini yake. Mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu kabisa katika moja bila kujua hata sikukuu moja ya dini ya pili. Kenya nao wamegawa hivyohivyo: la Kikristo, la Kiislamu, la Kihindu. Zambia wao wana somo moja la elimu ya dini ambamo Ukristo, Uislamu, Uhindu na dini za jadi zinakaa katika muhtasari mmoja.

Niambieni ukweli: mwanangu atabadili dini?

Hili ndilo swali lenyewe. Mengine mengi ni hili likizunguka nyumba.

Ushahidi unaotajwa sana unatoka Modesto, mji wa jimbo la California nchini Marekani. Tangu mwaka 2000 shule za umma za mji huo zimekuwa zikiwafundisha wanafunzi wote wa darasa la tisa, vijana wa miaka kama 14 na 15, kozi ya dini za dunia. Si mji wa watu waliochoka na dini. Una makanisa yenye msimamo mkali, una Masingasinga, una Waislamu. Watafiti wawili, Emile Lester na Patrick Roberts, waliwapima wanafunzi kabla na baada ya kozi, na mwaka 2006 wakatoa matokeo. Maarifa yaliongezeka. Utayari wa kutetea haki ya mtu wa dini nyingine kuabudu uliongezeka. Wimbi la vijana kuacha imani za wazazi wao halikuonekana.

Modesto si Ujiji, najua, na utafiti mmoja haumalizi mjadala. Lakini tazama pia hali tuliyonayo. Mtoto wa Mwanga au Buzebazeba hajifunzi dini ya wenzake kwa mara ya kwanza darasani. Ameshasikia kwenye kipaza sauti, kwenye daladala, kwenye simu ya kaka yake, na kwa rafiki anayejua nusu ya jambo. Wazazi wenye umri wangu wanaikumbuka mihadhara ya kulinganisha dini iliyopamba moto nchini miaka ya 1980 na 1990, Biblia na Msahafu mezani, umati ukishangilia kila aya kama bao. Kule kitabu cha mwenzako ulikifungua ili umshinde. Mtoto aliyekulia kwenye hayo anajua aya nyingi za dini ya jirani na bado hajui jirani huyo anaishije.

Jambo jingine ambalo wazazi hawalitegemei: mtoto akiulizwa na mwenzake "kwa nini ninyi mnafanya hivi?", anarudi nyumbani kuuliza. Anarudi kwa baba, kwa maalim wa madrasa, kwa katekista. Viongozi wa dini wanaolalamika kwamba vijana wao hawaulizi maswali wajiandae.

Nchi yetu haina dini. Shule ya serikali inaruhusiwa kufundisha haya?

Ibara ya 3 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa kuamini dini atakayo, inaifanya kazi ya kutangaza na kueneza dini kuwa huru na ya hiari ya mtu binafsi, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo mwalimu wa serikali, akiwa na chaki mkononi, hana ruhusa ya kuhubiri. Lakini hakuna ibara inayomkataza kueleza funga ya Ramadhani ni nini au Kwaresima ni nini, na historia ya nchi hii haifundishiki bila hayo.

Marekani walilifikisha suala hili mahakamani. Mwaka 1963 Mahakama yao ya Juu, katika kesi ya Abington na Schempp, ilipiga marufuku shule za umma kusomesha Biblia kama ibada ya asubuhi. Hukumu hiyohiyo ikasema kuisoma Biblia au dini kama sehemu ya elimu, bila kuipigia debe, hakukatazwi.

Na kwa kuwa tumetaja serikali: tangu sensa ya mwaka 1967 Tanzania haijawauliza watu dini zao kwenye sensa. Ukisikia mwanafunzi, au mwalimu mwenzako, akisema "sisi ndio wengi nchini, asilimia kadhaa", muulize takwimu ameitoa kwenye hesabu gani.

Kwa nini Kigoma? Sisi hapa hatuna ugomvi wa dini.

Kweli, tunazikana na tunaozana. Lakini watu wanaoishi vizuri pamoja wanaweza kuwa hawajuani sana, na Kigoma ina hazina ya kufundishia ambayo mikoa mingi haina.

Chukua Ujiji peke yake. Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walipofika Februari 1858, wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walikuwa wameshajenga. Mwaka 1869 David Livingstone, mmisionari, aliingia Ujiji akiwa hoi kwa homa ya mapafu, akiwa ameuguzwa na kubebwa njiani na msafara wa mfanyabiashara Mwislamu, Muhammad Bogharib. Mwaka 1871 alirudi Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akakuta bidhaa zake zimeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuzilinda, naye ni Mwislamu vilevile. Siku chache baadaye Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, akatokea. Na Livingstone mwenyewe, aliyeokolewa na msafara wa pwani, alikuwa akiandika barua kali dhidi ya biashara ya utumwa iliyokuwa ikifanywa na misafara hiyohiyo.

Watoto wetu hupelekwa kwenye kumbukumbu ya Livingstone wakasimuliwa salamu ya Stanley, wakapiga picha, wakarudi. Hadithi iliyo nono wanaiacha palepale. Dini moja, mji mmoja, mmoja anambeba mgonjwa, mwingine anauza mali ya mgonjwa huyo. Ukimwuliza mwanafunzi wa kidato cha pili, "Je, dini yao inaeleza walichofanya?", utaona darasa linafikiri kwa namna ambayo muhtasari hauwezi kuilazimisha.

Kisha endelea. Mwaka 1878 watu wa London Missionary Society, shirika la wamisionari Waprotestanti wa Uingereza, walifika Ujiji, akiwemo baharia Edward Hore. Januari 1879 wakaingia wamisionari wa Kikatoliki waitwao Mapadri Weupe (White Fathers). Watu wa asili ya Manyema, kutoka ng'ambo ya ziwa, wakawa sehemu kubwa ya mji, wakawa Waislamu na Kiswahili kikawa chao. Huko juu, Uha, Anglikana walikuja kuweka makao ya dayosisi yao Kasulu, Wakatoliki wana hospitali Kabanga, Waadventista wana Heri, na hapa mjini Wabaptisti wana hospitali yao. Mama wa Kiislamu anayejifungulia Kabanga wala haoni ajabu. Na tangu 1996 kuna kambi ya Nyarugusu, yenye wakimbizi wa Kongo na baadaye wa Burundi waliokuja na kwaya zao na namna zao za kuomba.

Hayo yote yanafundishika bila kununua kitabu kipya.

Kuhusu kutokuwa na ugomvi: Buseresere, mkoani Geita, nao walikuwa wakiishi pamoja. Februari 2013 ugomvi wa nani achinje nyama ya kuuzwa uliishia kwa mchungaji kuuawa. Si kwamba somo lingezuia kifo kile. Siwezi kudai hivyo. Lakini ni wanafunzi wangapi wa Kikristo wanaomaliza kidato cha nne wakijua kwa nini kuchinja ni suala la ibada kwa Mwislamu? Na wangapi wa Kiislamu wanajua kwa nini baadhi ya Wakristo waliona kula nyama iliyochinjwa kwa dua ya dini nyingine kunawagusa dhamiri? Paulo aliliandikia Kanisa la Korintho juu ya jambo la namna hiyo. Pande zote mbili zilikuwa na sababu, na karibu hakuna aliyeijua ya mwenzake.

Mimi ni Mkristo. Nitafundishaje Uislamu? (Na kinyume chake.)

Kwa namna ileile unavyofundisha ufalme wa Mirambo bila kuwa mtemi. Kinachotakiwa ni nidhamu ya ulimi.

Sema "Waislamu wanaamini kwamba Qur'ani iliteremshwa kwa Mtume Muhammad kupitia Jibrili." Sema "Wakristo wanaamini kwamba Yesu alifufuka siku ya tatu." Usiseme la kwanza kwa "eti" na la pili kwa uhakika. Watoto husikia "eti" hata usipoitamka, wanaiona usoni. Jirekodi kwa simu kipindi kimoja, usikilize peke yako jioni. Utashangaa ni mara ngapi dini yako inaelezwa kwa "ni" na ya wenzako kwa "wanadai".

Ongeza maneno "wengi", "baadhi", "hapa kwetu", "zamani". Diane Moore, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard na aliyefanya kazi kubwa ya kuandaa walimu wa Marekani kwa jambo hili, anasisitiza mambo matatu: ndani ya kila dini kuna tofauti, dini hubadilika kadiri miaka inavyopita, na dini haikai kando ya utamaduni bali imejichanganya nao. Mwalimu akiyashika hayo matatu hatasema tena "Uislamu unasema" kana kwamba Uislamu una mdomo mmoja.

Sasa makosa ya kawaida. Usimgeukie Amina ukamwambia, "Haya, tueleze ninyi mnaamini nini." Amina ana miaka kumi na tatu, hakuajiriwa kuwa msemaji wa umma wa Muhammad. Akijitolea mwenyewe, msikilize, kisha sema "huo ndio utaratibu wa nyumbani kwa kina Amina". Usiigize ibada: watoto wasipangwe mstari kusujudu kwa mchezo wala kugawiana biskuti kama komunyo. Usichore picha ya Mtume. Msahafu ukiletwa, uwekwe juu ya meza safi, si sakafuni wala chini ya daftari, na Biblia iheshimiwe vivyo hivyo hata kama wenye Biblia wenyewe si wakali sana kwa hilo.

Na kama wewe mwenyewe huwezi kutamka jambo la dini ya pili bila kukunja uso, mwachie mwenzako kipindi hicho. Si aibu.

Mtoto akiuliza "nani yuko sahihi?", nijibu nini?

Mjibu hivi: "Swali hilo ni kubwa, na watu wenye akili na wema wamelijibu tofauti. Hapa darasani tunajifunza majibu yao. La kwako ulijadili nyumbani na kwa kiongozi wako wa dini." Hukwepi hapo, ndipo mpaka wa kazi yako ulipo.

Yapo maswali mengine ambayo hayana haja ya kupelekwa nyumbani, kwa sababu yana majibu ya kueleza. "Yesu ni Mungu au nabii?" Wakristo karibu wote wanaamini ni Mwana wa Mungu na ni Mungu aliyefanyika mtu. Waislamu wanamwamini Isa bin Maryamu kuwa nabii na mtume aliyezaliwa na bikira, wala si mwana wa Mungu, na sura nzima ya Qur'ani, ya 19, inaitwa kwa jina la mama yake. Wakristo wanaamini alisulubiwa akafa. Waislamu kwa jumla, wakirejea sura ya 4 aya ya 157, wanakataa kwamba aliuawa msalabani. Hapo hawakubaliani, na mwalimu aseme hivyo waziwazi.

Ninasisitiza kwa sababu wapo walimu wapole wanaodhani kazi yao ni kusema "dini zote ni moja, tofauti ni njia tu". Nia yao njema, lakini hiyo nayo ni imani, na si imani ya shekhe wala ya askofu. Mtoto wa msimamo wowote akiisikia anajua kwamba mwalimu hakusoma.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Ibrahimu na mwanawe. Katika Biblia, Mwanzo sura ya 22, anayepelekwa kutolewa sadaka ni Isaka. Waislamu wengi wanaamini alikuwa Ismaili, na Idd ya kuchinja inakumbuka utii ule. Sura ya 37 ya Qur'ani inasimulia tukio bila kumtaja mwana kwa jina, na wafasiri wa mwanzo walijadiliana juu ya ni yupi. Mpe mwanafunzi simulizi zote mbili, aandike yanayofanana na yanayotofautiana. Kipindi kizima kinakwisha bila mtu kuuliza nani mshindi.

Tofauti za ndani ya dini moja je? Hizo ndizo zinazotuumiza.

Umeona mbali. Uzoefu wa walimu wengi ni kwamba darasa linatulia Mwislamu na Mkristo wanapoelezwa, halafu linawaka ikifika zamu ya Waislamu kwa Waislamu au Wakristo kwa Wakristo. Kuna mwaka nyumba mbili za mtaa mmoja zinasali Idd siku mbili tofauti, moja imefuata mwezi ulioandama nchini, nyingine imefuata mwezi ulioonekana popote duniani. Kuna wanaosoma Maulidi kwa dufu na kuna wanaoiona ni uzushi. Kwa upande wa pili, Mkatoliki anabatiza mtoto mchanga, Mpentekoste anasema subiri akue na azamishwe kwenye maji mengi, Msabato anauliza kwa nini Jumapili.

Eleza kwa utulivu uleule. Usitumie majina ya kejeli ambayo kundi moja linaliita jingine, hata kama ndiyo yanayojulikana mtaani. Tumia jina ambalo wenyewe wanajiita. Na kama una kundi lako ndani ya mzozo huo, hapo ndipo ujichunge kuliko mahali pengine popote.

Na wale wa mizimu na matambiko?

Wamo. Waha walikuwa wakimtaja Imana, yaani Mungu, kabla ya padri yeyote kupanda milima ya Kasulu, na wanafunzi wako wengi wana bibi anayejua habari za kubandwa, yaani ibada ya kupandwa na mizimu, kuliko kitabu chochote. Kuyaita hayo yote "ushirikina" ni hukumu ya dini nyingine, na mwalimu akiitumia ameshachagua upande. Yaelezwe kama yanavyoelezwa mengine: nani anafanya, lini, kwa nia gani.

Ila pasiwe na utata katika jambo moja. Mauaji ya watu wenye ualbino yaliyoitikisa Kanda ya Ziwa na mikoa ya magharibi kuanzia miaka ya 2007 na 2008 ni jinai. Hakuna haja ya kusema "wanaamini kwamba" halafu ukaishia hapo. Tambiko la ukoo halihusiani na biashara ya viungo vya watu, na watoto waambiwe hivyo kwa sauti kubwa, hasa kama darasani yupo mwenzao mwenye ualbino.

Kutakuwa na somo jipya? Walimu tumeelemewa.

Hapana, na kwa maoni yangu lisiwepo. Somo jipya litadai kitabu, mtihani, na kamati ya kugombania kurasa ngapi zipewe nani. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 una Historia ya Tanzania na Maadili, na hapo nafasi ipo. Kiswahili kina fasihi iliyojaa tenzi za kidini. Mada za uraia zinaweza kuichukua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, ya kidini, ya kimila na ya kiserikali; hakuna somo zuri kuliko hilo la kuonyesha nchi isiyokuwa na dini inavyoishi na watu wenye dini. Andika kwenye azimio la kazi kama mada ya kawaida ili mthibiti ubora akija asione kitu cha kificho.

Tumwalike shekhe na padri darasani?

Mnaweza, lakini wageni wapewe swali mahususi. "Tueleze msiba unaendeshwaje tangu mtu anapofariki mpaka arobaini" ni swali zuri. "Karibu utuambie kuhusu dini yako" ni mwaliko wa mahubiri, na atakayehubiri hana kosa, kosa ni la aliyemwalika. Mwalimu abaki darasani muda wote. Waalikeni siku moja kama wanakubali, na msisahau wanawake: mwalimu wa madrasa wa kike au sista atajibu maswali ambayo wasichana hawatamuuliza shekhe.

Ziara msikitini na kanisani?

Barua kwa wazazi wiki mbili kabla, nje ya muda wa swala au misa, viatu mlangoni msikitini, wasichana wajitande, altareni hakuna kupanda. Wanatazama na kuuliza, hawashiriki. Asiyeruhusiwa na mzazi abaki shuleni na kazi ya maana, asipewe jembe la bustani kama adhabu.

Kuna wanafunzi ambao imani yao inagongana na utaratibu wa shule.

Wasabato na mtihani au kazi za Jumamosi, Waislamu na swala ya Ijumaa inayoangukia kipindi cha mchana, Mashahidi wa Yehova na wimbo wa taifa mstarini. La mwisho lilifika Mahakama ya Rufani: mwaka 2013 iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova walioadhibiwa na shule zao kwa kutoimba wimbo huo. Mkuu wa shule anayejua sababu ya mtoto kunyamaza hatakimbilia fimbo, na wanafunzi wanaojua hawatamzomea. Hukumu yenyewe ni mada nzuri ya uraia kwa kidato cha tatu na cha nne.

Mzazi akikataa?

Uingereza wazazi wana haki ya kumtoa mtoto kwenye somo la dini, haki iliyothibitishwa katika sheria ya elimu ya mwaka 1944. Norway walijaribu somo la pamoja lenye ruhusa finyu ya kujitoa, na mwaka 2007 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaona, katika kesi ya Folgerø, kwamba somo lilielemea mno upande wa Ukristo na utaratibu wa kujitoa ulikuwa mzigo kwa wazazi. Mimi najifunza hivi kutokana na kesi hiyo: mzazi akikataa, anza kwa kulikagua andalio la somo kabla ya kumkagua mzazi. Hesabu mistari. Kama dini moja imepewa ukurasa na nyingine aya, ana haki ya kununa.

Mwite, mwonyeshe daftari, mwache akae nyuma ya darasa kipindi kimoja. Wengi hawarudi mara ya pili, kwa kuwa hakuna cha kuona.

Shule za seminari na za Kiislamu nazo?

Hizo ndizo zenye uhitaji mkubwa zaidi. Kijana wa shule ya serikali anakaa dawati moja na wa dini nyingine. Wa shule ya dini anaweza kumaliza miaka minne bila hata kumkopesha kalamu. Wakuu wa shule mbili za namna hiyo wakikubaliana, mashindano ya mpira na mdahalo wa mada isiyo ya dini ni mwanzo mzuri. Maswali ya dini yatakuja yenyewe wakati wa chai.

Nimekubali. Jumatatu naanza na nini?

Anza na kalenda ya ukutani. Sikukuu za kitaifa zinazotokana na dini zimo humo: Krismasi, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Maulidi, Idd mbili. Waulize wanafunzi kwa nini Krismasi haihami na nyingine zinahama. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani husogea nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa kawaida. Pasaka nayo inatazama mwezi, lakini imefungwa kwenye majira: kwa makanisa yetu mengi ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Wape kazi ya kukadiria Ramadhani itaangukia mwezi gani wakiwa na miaka thelathini. Mwalimu wa Hisabati atafurahi, na hakuna mzazi atakayepiga simu.

Kipindi cha pili kiwe cha Bogharib na Livingstone, na kama shule iko Ujiji, nendeni kwa miguu.